Saa ya kuchora si saa ya kupumuzika
Maneno ya kamati ya masomo mbele ya mukutano wa wanamemba, Bukavu

Wazazi, ndugu na dada wanamemba, na ninyi vijana wa chama,

Katika mukutano uliopita ulizo moja lilirudi mara mingi: kwa nini kamati inaomba feza za sanduku la masomo kwa ajili ya klase ya kuchora, wakati kuko watoto wetu wanaorudishwa nyumbani juu ya minervali? Ulizo lile ni la haki. Mwenye kuliuliza anajua uzito wa franka moja. Leo tunalijibu, na kisha jibu ni ninyi mutakata shauri.

Kwanza tuseme ile ambayo haiko katika ombi letu. Hatuombi minervali ipunguzwe. Primere ni bure tangu Septemba 2019, lakini mutoto akiingia tu ya saba, wazazi wengi wanajikuta tena mbele ya mulango wa malipo. Sanduku letu liliundwa kwa ajili ya ule mulango, na litabaki pale. Tunaomba sehemu ndogo, mara moja kwa mwaka, ya kununua vyombo vya kazi vitakavyotumika na klase ya saba na ya nane, pale watoto wetu wengi wanasomea. Mwishoni tutasema ni vyombo gani. Mbele ya hapo tunataka munielewe sababu, juu chombo bila sababu ni chuma tu.

Mutoto anaporudi

Kila jamaa hapa iko na njia yake. Kuko walioondoka na vita ya 1996, wakavuka Tanganyika, wakaishi Lugufu hadi kambi ile ilipofungwa 2009, ao Nyarugusu. Kuko waliotoka Burundi, kuko wa Zambia, kuko wa Uganda. Watu wazima tunaporudi tunatafuta nyumba na kazi. Mutoto anaporudi, yeye anatafuta klase, na klase inamupokea kwa Kifaransa.

Muwaze kijana aliyesomea Uganda kwa Kiingereza. Anajua hesabu za sehemu, anajua kupima pembe, anajua damu inavyotembea mwilini. Hapa anaulizwa mambo yale yale, lakini ulizo lenyewe haliingii katika masikio. Kuko mahali wanamurudisha nyuma klase mbili. Basi kijana wa miaka 14 anaketi na watoto wa miaka 11, anafunga kinywa, na wenzake wanamuita kwa jina la inchi alikotoka. Muzazi anasema, "Mutoto yangu alikuwaka na akili sana kule, sasa amekuwa bubu." Hakuwa bubu. Hajapata mahali pa kusemea.

Katika saa ya kuchora mambo inageuka. Mwalimu anaweka kartoni mezani na kuuliza: nani anaweza kukata muviringo bila kompa? Pale mukono unapanda, na ni mukono wa yule mugeni. Anachukua uzi, anafunga kreyo upande moja, anabana upande wa pili kwa kidole, anazungusha. Wenzake wanasogea, wanamuuliza, "Umefanya aye?" Anapaswa kujibu. Anajibu na Kiswahili chake cha kambi, wanacheka kidogo, wanamupa neno la Bukavu, mwalimu anaongeza la Kifaransa. Kila mutoto anaandika katika kaye yake musitari moja: mukasi, ciseaux, na neno la Kiingereza kwa wale wanalolijua. Kwa njia hiyo luga inaingia kupitia mikono, na inakaa, juu neno limefungwa na kitu alichokishika.

Ndiyo maana tunasema saa ile si ya kupumuzika. Kwa mutoto aliyerudi, mara ingine ni saa peke yake ya juma ambapo yeye ndiye anajua na wengine ndio wanauliza.

Kazi ya mikono ya kununua

Sasa tusikie upande wa pili. "Mutoto hakuye ku masomo kuchora, alikuya kusoma." Tunaelewa maneno hayo yanatoka wapi. Sisi wote tunajua desturi: mwisho wa trimestre, masomo yanaomba kila mwanafunzi alete kazi ya mikono. Mama anashuka soko ya Kadutu ao Nyawera, ananunua fagio ao kikapu, mutoto anakileta, anapata pointi. Pointi zile ni za nani? Ni za yule mama wa soko aliyesuka kikapu. Mutoto hakujifunza hata fundo moja, na muzazi ametoa feza.

Kama ile ndiyo ingekuwa kazi ya klase ya kuchora, hata sisi tungesema hapana. Kile tunachoita proje ni kitu kingine. Proje inaanza na ulizo. Mutoto anachora mupango wake kwanza, anajaribu, kitu kinaanguka, anatafuta kwa nini kimeanguka, anarekebisha, na mwisho anasimama mbele ya wengine na kueleza. Tulikubaliana na mwalimu kwamba pointi zigawanywe vile: mupango wa kwanza, marekebisho, maelezo, na kisha tu kitu chenyewe. Kwa namna hiyo hakuna cha kununua sokoni, juu soko haiuzi marekebisho.

Muji wa kartoni

Tuwape mufano wa proje moja, muone namna masomo mengine yanaingia ndani. Ni kutengeneza muji wetu kwa kartoni.

Watu wanasema Bukavu ni mukono uliotia vidole vitano ndani ya ziwa, juu ya zile rasi zetu tano. Kusema ni rahisi. Kuutengeneza ule mukono ni hesabu. Watoto wanachagua kipimo: sentimita 1 kwa metre 20. Meza ya metre 2 inabeba basi kilometre 4 za muji. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo meza yenyewe ni ziwa. Kutoka pale kila ngazi ya kartoni ni metre 20 za kupanda. Kartoni moja ya sabuni haifiki sentimita moja, wanagundisha mbili ao tatu. Ngazi juu ya ngazi, mulima unatoka: Nguba chini, Kadutu juu, barabara zikizunguka kama nyoka.

Nyumba zinakuja nyuma. Na pale ndipo maulizo inaanza. Mvua ikinyesha kule juu, maji yanapita wapi? Wanamwanga kikombe cha mchanga mukavu, wanaona namna unashuka, na wanaelewa kwa nini bonde fulani linakula nyumba kila mwaka. Wanapanga nyumba za mbao za mutaa kama Nyamugo, zinagusana ukuta kwa ukuta. Mumoja anauliza: moto ukiwaka hapa, gari la kuzima moto litapita wapi? Wanatafuta nafasi, hawaipati. Wanabishana nyumba gani ingesogezwa, na mwenye nyumba ataenda wapi. Hayo ni mabishano ya watu wazima wa muji huu, na wao wanayafanya wakiwa ya nane, mbele ya kitu wanachokiona.

Mutoto aliyerudi anapata faida ingine. Yeye hajui muji. Hapa anaujifunza kwa vidole: Feu Rouge iko wapi, mupaka wa Ruzizi uko wapi, maji ya robine iko wapi, nyumba yao iko wapi. Anaweka nyumba yake mwenyewe kwa kole. Imekuwa ndani ya muji.

Na kama kuko mwenye kuwaza kwamba kartoni ni kitu cha watoto tu, akumbuke Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa Congo yetu mwaka wa 1948, akafundisha katika secondaire Kinshasa, kisha akatengeneza miji mizima kwa makaratasi, kartoni, makopo na vifuniko vya chupa. Alikufa 2015. Mwaka wa 2018 jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA, lilipanga miji yake katika vyumba vyake, na watu wakapanga mustari kuiona. Hatusemi kila mutoto atakuwa Kingelez. Tunasema vyombo vyake vilikuwa vile vile vinavyotupwa mbele ya milango yetu.

Vitu viko hapa

Garama inaogopesha wakati mutu anawaza rangi za duka. Tumeorodhesha ile ambayo hailipishwi.

Kole inatoka jikoni. Bunga ya muhogo vijiko viwili inakorogwa kwanza na maji baridi kidogo ili isifanye mabonge, kisha inamwangwa ndani ya maji ya moto, inakorogwa juu ya makala hadi igeuke nzito na kuangaza. Inagundisha karatasi na kartoni vizuri. Lakini itumike siku ile ile ao kesho yake, maana inachacha.

Rangi iko mugombani. Majani makavu na magome ya mugomba yako na rangi kutoka nyeupe ya maziwa hadi nyeusi, kupitia kila namna ya kahawia. Mafundi wa huku kwetu wanafanya nayo picha bila tone moja la rangi ya kopo. Mutoto anayapangusa, anayanyoosha chini ya kitabu kizito, anakata, anagundisha. Makala inatoa nyeusi, udongo mwekundu wa kilima unatoa nyekundu. Mafundi washonaji wanafagia kila jioni vipande vya bitenge vinavyofaa kwa nguo na mashavu ya picha.

Halafu kuko plastiki, na hapo proje inagusa umeme wetu. Sashe na chupa tunazotupa zinashuka na mvua hadi ziwani, ziwa linatokea kupitia Ruzizi, na taka zinajibana pale kwenye barrage. Mashine zikizibwa, taa zinazimika. Hapa hapa Bukavu dada yetu Nicole Menemene alianzisha Plastycor, kazi inayookota plastiki na kuisuka kuwa vikapu na viti. Watoto wanaweza kujifunza kusuka vile vile: kuosha, kukausha, kukata mikanda myembamba, kusuka. Sheria moja isiyovunjwa: hakuna kuchoma plastiki ili kuiunganisha. Moshi wake ni sumu, na klase iko na madirisha mawili tu.

Hakuna kuagiza vita

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kamati inalishika kwa nguvu zaidi. Mara ingine wageni wanakuja, wanataka kuona michoro ya watoto waliorudi, na wanauliza: iko wapi ile ya bunduki? Iko wapi ile ya nyumba inayowaka? Mutoto ni mwerevu. Akiona kwamba muchoro wa bunduki unapigwa picha na muchoro wa mbuzi unapitwa, kesho atachora bunduki, hata kama moyo wake ulikuwa na mbuzi.

Tunaomba chama kikubali mambo manne. Mutu asimuagize mutoto kuchora vita. Mutu asimukataze akiichora mwenyewe. Mwalimu asiulize "Hii ni nini?" kama vile muchoro umeshindwa kusema, aseme "Unielezee," na mutoto akinyamaza, amuache anyamaze. La ine: muchoro ni wa mutoto. Anaandika jina lake, na hautoki klasini kwenda kwa mugeni ao kwenye simu ya mutu bila yeye na muzazi wake kukubali.

Hilo la jina halikuanza na sisi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wayahudi walifungwa katika muji wa Terezín, katika inchi inayoitwa leo Cheki. Mwanamuke mumoja muchoraji, Friedl Dicker-Brandeis, aliwafundisha watoto kuchora mule ndani ya kifungo. Hakuwalazimisha kuchora njaa waliyokuwa nayo. Walichora maua, dirisha, meza ya nyumbani, kile macho yao yalichokumbuka. Na alitaka kila mutoto atie jina lake kwenye kazi yake. Aliuawa Auschwitz mwezi wa Oktoba 1944, na watoto wengi waliuawa vile vile. Michoro ilibaki, karibu 4,500, ndani ya masanduku mawili ya safari. Inatunzwa Prague hadi leo. Juu ya yale majina, wale watoto hawakuwa hesabu tu.

Tuseme wazi pia: kuchora si dawa ya kila kitu. Mutoto asiyelala usiku, anayejikojolea na zamani hakuwa hivyo, anayekimbia kila mulango ukigonga, asiachwe kwa mwalimu wa kuchora peke yake. Muzazi aje kwa kamati, tutamusindikiza kwenye kituo cha afya ao SOSAME, wanaojua magonjwa ya roho na akili. Hakuna haya ndani ya hilo.

Kopi ya ubaoni

Kuko namna ingine ya kuua saa ya kuchora: mwalimu anachora chombo cha maua ubaoni, na watoto wote wanakopi. Maua 50 ya namna moja. Mwaka wa 1946, Lubumbashi, wakati ikiitwa Élisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali pa kuchorea palipoitwa Hangar. Aliwapa vijana rangi na karatasi, akawakataza kukopi picha za Ulaya, akawaambia wachore kutoka yale wanayoyajua. Pilipili Mulongoy akatoka na ndege na samaki wake. Mwenze Kibwanga akatoka na mistari yake mifupi mifupi. Bela alichora kwa ncha za vidole. Watu watatu, chumba kimoja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi zao. Hakika mwalimu hakuwapa ile tofauti. Aliilinda tu.

Kisha ya nane

Muzazi anayesema kuchora haileti kazi, tumukumbushe hili. Mwisho wa ya nane mutoto anafanya TENASOSP, na anaelekezwa upande moja wa humanite. Kuko pedagojia, biashara, sayansi, lakini kuko pia ujenzi, umeme, mekaniki, kushona. Mutoto atajua namna gani kwamba yuko na mukono wa ujenzi, kama hajawahi kupanga ngazi za kartoni na kuona kwa nini zinaanguka? Atachagua kushona namna gani, kama hajawahi kukata kitambaa kwa kipimo? Wengi wanachagua kwa kufuata rafiki ao bei. Ile miaka miwili, ya saba na ya nane, ndiyo wakati wa kujaribu bila kupoteza mwaka. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Ombi lenyewe

Basi hili ndilo tunaloweka mbele yenu.

Sanduku la masomo linunue mara moja: mikasi, lati za chuma za kupimia, visu vya kukatia kartoni vitakavyoshikwa na mwalimu peke yake, burosi, uzi na sindano kubwa, na sanduku moja lenye kufuli. Bei yote haipiti ile ya iniforme chache, na vyombo vitadumu miaka. Ufunguo uwe na mwalimu, daftari ya hesabu iwe na kamati, na kila trimestre vyombo vihesabiwe mbele ya muzazi mumoja.

Wanamemba walete kile ambacho hakina bei: kartoni, vipande vya bitenge, magome ya mugomba, makopo yaliyooshwa. Na mafundi wetu, mama wasukaji, baba maseremala, washonaji, watupe kila mumoja saa moja kwa trimestre. Muliondoka na kazi hizo mikononi, mukarudi nazo, hakuna mupaka uliowanyang'anya. Mutoto akimuona baba yake, anayezarauliwa mutaani kuwa "mukimbizi," amesimama mbele ya klase akifundisha, hatahitaji hotuba yetu.

Mwisho wa mwaka, kazi zitapangwa hapa katika chumba hiki, na watoto ndio watakaoeleza, kwa luga wanayoiweza. Mutakuja, mutauliza, na mutaona wenyewe kama feza ilipotea. Kama mutasema ilipotea, hatutarudi kuomba tena.

Kidole kimoja hakiui chawa. Kamati imesema yake. Sasa mikono ni yenu.